FIDIA NI HAKI, RIBA SI HAKI
Wajibu wetu baada ya hukumu ya ajali ya gari

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata njia yake.

Ndugu Waislamu, ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kusimama katika safu moja na mtu aliyeumizwa na gari. Yupo aliyekatwa mguu, yupo aliyepoteza jicho, na yupo mjane ambaye mumewe alitoka asubuhi kwa bodaboda akarejeshwa akiwa maiti. Msiba kama huo unapotokea tunakuwa wepesi wa kuomba dua na kuchangishana. Mambo yanayofuata baadaye, yaani shauri la madai, hukumu na malipo, tunamwachia aliyeumia ahangaike nayo peke yake na wakili wake. Matokeo yake ni kwamba, siku mahakama inapotoa hukumu, ndugu yetu hushika karatasi yenye fedha za namna tatu, na hajui ipi ni yake, ipi ina shaka, na ipi si yake kabisa.

Tumeona makundi mawili katika jambo hili. Kundi la kwanza huchukua kila kilichoandikwa katika hukumu bila kuuliza, kwa hoja kwamba kilichoamriwa na mahakama ni halali. Kundi la pili, kwa kuiogopa riba, hulikimbia shauri lote, au hukubali kiasi kidogo cha kwanza kinachotolewa na kampuni ya bima na kutia saini karatasi ya kukiri kwamba limelipwa kila linachodai. Kundi la kwanza limepuuza katazo la Allah. Kundi la pili limeitupa haki ambayo Allah amempa mja wake, na mara nyingi haki hiyo si ya aliyeumia peke yake, bali ni ya watoto wake pia. Kauli yetu ni hii: riba iachwe, lakini haki isiachwe.

Mafungu matatu katika hukumu moja

Hapa Tanzania Bara, mdai aliyeshinda shauri la kuumizwa na gari anaweza kupewa mambo matatu.

La kwanza ni fidia. Fidia nayo ni ya aina mbili. Ipo fidia mahususi, ambayo ni fedha zilizokwisha kutoka mfukoni na zinazoweza kuhesabiwa: dawa, upasuaji, nauli za hospitali, mshahara uliokosekana. Hii ni lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kwa ushahidi. Kisha ipo fidia ya jumla, ambayo hakimu au jaji huikadiria kwa ajili ya maumivu, ulemavu na kupungukiwa na uwezo wa kuishi kama zamani.

La pili ni gharama za shauri. Kanuni ya kawaida ni kwamba aliyeshindwa humlipa aliyeshinda gharama zake, na mahakama ikiamua vinginevyo inapaswa kueleza sababu.

La tatu ni riba. Mahakama inaweza kuamuru riba kwa kipindi kilichotangulia hukumu, na baada ya hukumu sheria yenyewe imeweka kiwango. Kwa mujibu wa kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai, deni la hukumu huzaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu hadi siku ya kulipwa, na kiwango hicho kinaweza kupanda hadi asilimia 12 iwapo pande mbili zimekubaliana. Tuchukue mfano. Mtu amepewa fidia ya shilingi 20,000,000, na mdaiwa akakaa miaka 3 bila kulipa. Kwa asilimia 7, riba ni shilingi 1,400,000 kila mwaka, na kwa miaka yote 3 ni shilingi 4,200,000. Fedha hizo zinatosha kumtia majaribuni mtu aliyelala kitandani muda mrefu na kukopa kila mahali.

Basi na tuyapime mafungu haya moja baada ya jingine.

Fidia ina asili katika dini yetu

Wapo wanaodhani kwamba kudai fidia ni kukosa subira, au ni kutoridhika na kadari. Dhana hiyo haina msingi. Qur'an yenyewe, katika Sura an-Nisaa aya ya 92, imeweka wajibu wa diya kwa anayeua kwa bahati mbaya, pamoja na kafara juu ya muuaji. Wanachuoni wa fiqhi wakaeleza kwa urefu malipo ya majeraha: kiungo hiki kina kiasi chake, na jeraha lisilokuwa na kiasi maalumu hukadiriwa na watu waadilifu. Kukadiria huko hakuko mbali na kazi anayoifanya hakimu anapopanga fidia ya jumla.

Tena tutazame utaratibu wa diya ya kosa lisilokusudiwa. Jamhuri ya wanachuoni wamesema kwamba mzigo wake hubebwa na aqila, yaani jamaa wa aliyetenda, na kwamba hulipwa katika muda wa miaka mitatu. Mambo mawili yanajitokeza hapo. La kwanza, sheria haikumwacha aliyedhurika amtegemee mtu mmoja ambaye huenda ni fukara. Iliusambaza mzigo ili malipo yapatikane. La pili, muda wa miaka mitatu ulitolewa bila kuongeza hata ngamia mmoja juu ya idadi iliyopangwa. Muda haukuuzwa.

Kwa hiyo Muislamu aliyeumizwa anayedai fidia anadai kitu ambacho dini inakitambua. Na asikawie, kwa kuwa madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 kisheria. Wapo waliokaa wakisubiri maneno matamu ya mwenye gari mpaka mlango wa mahakama ukafungwa.

Gharama: kurejeshewa si kufaidika

Fungu la pili linawatia watu shaka bila sababu. Gharama za shauri si faida ya fedha. Ni kurejeshewa kile ambacho mwenye haki alilazimika kukitoa ili aipate haki yake. Ibn Taymiyya, karne nyingi zilizopita, alieleza kwamba mdaiwa mwenye uwezo anayemchelewesha mwenye haki hadi akamlazimisha kushtaki na kuingia gharama, gharama hizo ni juu ya mdaiwa huyo. Katika zama zetu, viwango vya sharia vya AAOIFI, taasisi yenye makao yake Bahrain, vimefuata njia hiyo hiyo: mdaiwa anayechelewesha akiwa na uwezo hubeba gharama za kufuatilia deni.

Hata hivyo, uaminifu unatakiwa. Gharama zinazodaiwa ziwe zile zilizotumika kweli. Mahakamani, aliyeshinda huwasilisha orodha ya gharama zake mbele ya ofisa anayezipima, na kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2015 zimempa siku 60 tangu siku ya amri. Ofisa huyo hukata kile kisichostahili. Ikiwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya orodha imekatwa, ukiondoa ada za mahakama, mwenye orodha hunyimwa gharama za zoezi lenyewe la kupima. Kanuni hii inamzuia mtu kuzidisha hesabu. Muislamu alipaswa kuzuiwa na taqwa kabla ya kuzuiwa na kanuni. Anayeandika nauli ya safari ambayo hakuisafiri amekula mali ya mtu kwa batili, hata kama mtu huyo ndiye aliyemgonga.

Na ieleweke kwamba gharama anazolipa aliyeshindwa si lazima zilingane na ada ambayo mteja amekubaliana na wakili wake. Mara nyingi huwa ni pungufu, na tofauti hubaki juu ya mteja. Wengi hulijua hili siku ya mwisho, wakadhani wameibiwa. Dawa yake ni kuandikiana tangu mwanzo, kama ilivyoagizwa katika aya ya deni, Sura al-Baqara aya ya 282, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an.

Riba: tusiipe jina jingine

Sasa tufike kwenye fungu la tatu. Riba juu ya deni la hukumu imetufikia kwa urithi wa wakoloni. Uingereza ilitunga sheria ya mwaka 1838 iliyoweka riba ya asilimia 4 juu ya hukumu za madai. India ya Waingereza ikawa na sheria yake ya mwenendo wa madai ya mwaka 1908, nayo ndiyo kiolezo cha sheria yetu ya mwaka 1966. Pakistan nayo iliirithi sheria hiyo ya 1908. Mwaka 1991 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba vifungu vya riba katika sheria zao, vikiwemo vya sheria ya mwenendo wa madai, vinapingana na Uislamu. Shauri hilo lilizunguka kwa miaka mingi. Uamuzi uliungwa mkono mwaka 1999, ukatenguliwa mwaka 2002, na tarehe 28 Aprili 2022 Mahakama ya Sharia ikaamua tena kwamba riba kwa sura zake zote imekatazwa.

Ni insafu kuisikiliza hoja ya wanasheria. Wanasema: mdaiwa anakaa na fedha za mtu, anazifanyia biashara, na shilingi inapungua thamani, je, mwenye haki asipate kitu? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwanachuoni Mustafa az-Zarqa alikuwa na rai kwamba mdaiwa mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi anaweza kutozwa fidia ya madhara aliyoyasababisha. Lakini wanachuoni wengi hawakuikubali rai hiyo, kwa kuhofia kwamba ni mlango wa nyuma wa kuiingiza riba. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1990, iliamua kwamba haijuzu kumtoza mdaiwa nyongeza kwa kuchelewa kulipa deni, na papo hapo ikasisitiza kwamba ni haramu kwa mwenye uwezo kuchelewesha. Katika kikao cha Riyadh cha mwaka 2000, Akademia hiyo iliruhusu sharti la adhabu katika mikataba ya fedha, isipokuwa pale ambapo wajibu wenyewe ni deni.

Sisi tunasimama hapo. Hukumu ikishatolewa, fidia imekuwa deni linalojulikana kiasi chake. Asilimia inayopanda juu ya deni kwa sababu ya kupita kwa muda ndiyo riba iliyokatazwa katika aya za 275 hadi 279 za Sura al-Baqara. Kuiita faida, nyongeza au fidia ya kuchelewa hakuibadilishi.

Kisha ipo njia halali ya kuilinda thamani ya haki. Fidia ya jumla hukadiriwa siku ya hukumu. Kwa hiyo wakili aiombe mahakama izingatie bei za siku hiyo, na si bei za siku ya ajali. Fidia mahususi nayo iandaliwe kwa ukamilifu: kila matibabu yaliyofanyika, kila siku ya kazi iliyopotea, na matibabu ambayo daktari amethibitisha kuwa bado yanahitajika. Mdai aliyeyathibitisha haya hatakuwa na haja ya kuombewa asilimia ili kuziba pengo. Mara nyingi riba huombwa kwa mazoea, na mahali pake palikuwa pa stakabadhi ambazo hazikutunzwa.

Dhulma ya anayechelewesha

Lakini tutakuwa tumefanya dhulma iwapo tutamhubiria aliyekatwa mguu juu ya riba na kumnyamazia anayemcheleweshea haki yake. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kuchelewesha kwa tajiri ni dhulma. Riba ya hukumu isingekuwapo kama deni la hukumu lingelipwa siku yake. Anayekaa na fedha hizo miaka miwili huku akikata rufaa asiyoiamini, ndiye aliyemfikisha mwenzake kwenye mtihani huo.

Sheria ya nchi inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine, ile iitwayo mitaani bima ndogo, na inaiwajibisha kampuni ya bima kuilipa hukumu inayohusu madhara hayo iwapo masharti yametimia, likiwamo la kupewa taarifa ya shauri mapema. Kampuni inayokwepa wajibu huo inaweza kulalamikiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa hiyo Muislamu aliyeacha riba asidhani kwamba ameachiwa silaha ya dua tu. Anayo haki ya kukaza hukumu mara moja, na hiyo si kukosa huruma.

Tunawaambia pia ndugu zetu wenye daladala, malori na pikipiki. Ikiwa dereva wako amegonga na hukumu imetoka, lipa. Usijifariji kwamba asilimia 7 ni nafuu kuliko mkopo wa benki. Kufanya hivyo ni kukopa kwa riba kutoka kwa mtu uliyemlemaza, tena bila idhini yake. Na ikiwa huna uwezo kweli, nenda mahakamani uombe kulipa kwa awamu, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Hapo ndipo aya ya 280 ya Sura al-Baqara inamtaka mwenye haki akupe muda hadi upate wepesi. Aya hiyo ni ya mwenye dhiki. Tajiri anayejificha nyuma ya mawakili asiifanye kuwa ngao yake.

Nini kifanyike

Kwa ndugu aliyeumia, au jamaa wa marehemu, tunanasihi yafuatayo.

Kwanza, tunza karatasi tangu siku ya kwanza: fomu ya PF3, ramani ya ajali ya polisi, stakabadhi za hospitali na za dawa, na uthibitisho wa kipato. Jambo lisilothibitishwa mahakamani halina thamani hata likiwa kweli.

Pili, mweleze wakili wako msimamo wako kabla hajaandika hati ya madai. Riba ya kabla ya hukumu huombwa. Mwambie asiiombe, na badala yake aihesabu hasara yote halisi.

Tatu, sikiliza suluhu, lakini usiikubali kwa njaa. Suluhu yenye kiasi cha haki, tarehe ya kulipa na hakuna riba, ikasajiliwa mahakamani, ni bora kuliko shauri la miaka kumi. Kabla ya kutia saini, muonyeshe karatasi hiyo mtu mwenye elimu ambaye hana maslahi ndani yake.

Nne, riba ya baada ya hukumu huja kwa nguvu ya kanuni hata usipoiomba. Mwandikie mdaiwa kwamba akilipa fidia na gharama ndani ya muda fulani, huna haja ya riba. Barua hiyo huharakisha malipo, nasi tumeona kuwa ina hekima. Akikataa, na fedha zote zikaja pamoja kwa kukaza hukumu, usiihesabu riba kuwa mali yako. Wapo wanaosema iachwe kwa mdaiwa, nasi hatuwalaumu. Lakini tunaona kumwachia mcheleweshaji ni kumzawadia. Akademia ya Fiqhi ya Makka, mwaka 1986, ilipozungumzia riba za benki ilielekeza kwamba zisiachwe benki bali zitumike katika maslahi ya umma. Kwa kipimo hicho, itolewe kwa ajili ya magongo na viti vya magurudumu vya walemavu wasiojiweza, au choo cha zahanati. Aitoe kwa nia ya kujitakasa na kujivua nayo, asiitarajie kuwa sadaka yake. Na asilipie kwayo ada ya wakili wake wala deni lake jingine, kwa sababu kufanya hivyo ni kuila.

Wajibu wa jamaa

Mwisho, neno hili ni kwa kamati za misikiti. Ni rahisi kumwambia mtu aache shilingi milioni 4. Ni vigumu kwake kutii ikiwa kodi ya nyumba ya miezi sita inamsubiri na watoto wamerudishwa shule. Aqila ya zamani ilikuwa ni watu waliobeba mzigo pamoja. Jamaa ya msikiti wetu leo inabeba nini? Tunapendekeza kila msikiti wenye uwezo uwe na mfuko wa qardh hasana kwa ajili ya walioumia ajalini, uwakopeshe bila nyongeza wakati shauri linaendelea, na urejeshewe fidia itakapolipwa. Tunapendekeza pia kila jamaa iwaombe mawakili wake Waislamu watoe saa chache kwa mwezi kuzisoma karatasi za wasiojua kusoma lugha ya mahakama. Aliyekopeshwa kwa wema hatakubali suluhu ya kumdhulumu, wala hatashawishika kuitazama riba kama riziki.

Tukiyafanya haya, katazo la riba litakuwa rehema kwa aliyeumia. Tukiliacha kuwa maneno ya mimbari tu, tutakuwa tumemtwisha mlemavu mzigo ambao sisi wenye miguu miwili hatukuugusa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia, azifanye riziki zetu kuwa za halali, na atupe ujasiri wa kulipa haki za watu kabla ya siku ambayo haki zitalipwa kwa amali njema.

Wabillahi tawfiq.